Miaka Miwili Isiyoandikwa

"Nilikuwa nyumbani," Chaki alisema kwa mara ya tatu.

"Nyumbani ukifanya nini?"

"Nipo tu."

Afande hakumtazama usoni. Mtu anayeficha jambo huulinda uso wake kuliko kitu kingine chochote, kwa hiyo kumkodolea macho ni kujichosha bure. Aliutazama mkono wa kulia uliolala juu ya meza, hasa kidole gumba, ambacho kilikuwa na sugu pembeni, mahali palepale pa kushikia mkasi mkubwa wa kukatia. Sugu ya namna hiyo hulainika mtu akikaa bila kazi. Hii ilikuwa ngumu kama ya mtu aliyetoka kazini jana yake.

Walikuwa wamekaa kwenye stoo ya vitambaa ya kiwanda, kati ya marobota meupe na ya kijani, maana hapo ndipo palipokuwa na utulivu. Kiwanda kilishona sare za wauguzi na mashuka ya hospitali, na kilikuwa kinamtafuta mkuu wa chumba cha kukatia. Chaki alikuwa ameomba. Kwenye jaribio la vitendo aliwaacha wenzake mbali. Jina hilo la utani alilipata kwa kuchomeka chaki ya fundi kwenye nywele na kuisahau, na hata leo, siku ya kuhojiwa, ilikuwepo, imechungulia juu ya sikio.

"Ulifungwa?" Afande aliuliza.

"Hapana."

"Uliumwa?"

"Mimi? Hapana."

Afande aliliandika kichwani lile "mimi". Mtu asiye na mgonjwa hujibu hapana, basi.

"Kuna kazi ulifanya ukaificha?"

Chaki alifikiri, na ilionekana wazi kwamba alilitafuta jibu kwa moyo mmoja. "Kazi sijafanya," alisema. "Mama, mimi nataka hii nafasi kuliko unavyodhani. Nimechoka kuanza upya kila mahali. Lakini hayo ya nyumbani ni ya nyumbani."

Afande alishastaafu upolisi. Sare aliirudisha, cheo kikabaki mdomoni mwa watu, na sasa alikuwa na ofisi ndogo ya kuhakiki wasifu za waomba kazi. Alishawakamata madaktari wasiosoma udaktari na madereva wasiojua gia ya nyuma. Kazi yenyewe aliipenda, ila kuna siku ilimtia uchungu, kwa sababu aliyesema uongo mara nyingi alikuwa na maelezo mazuri kuliko aliyesema kweli. Huyu hakuwa na maelezo kabisa. Akaanza kumpenda, na hilo lilimfanya awe mwangalifu zaidi.

Mkurugenzi alikuwa kijana mpole, aliyevaa miwani aliyoivua kila alipotaka kusema jambo zito. Aliivua Afande alipoingia ofisini kwake.

"Mimi sina ugomvi naye, Afande. Mikono yake nimeiona. Lakini tazama mwenyewe." Aliusogeza wasifu wa Chaki katikati ya meza. "Karakana ya mapazia, miezi michache, kaondoka. Ya ovaroli, vivyo hivyo. Ya foronya za magodoro, vivyo hivyo. Halafu miaka miwili hakuna kitu, kimya. Na sasa tazama miezi aliyoondoka."

Afande alitazama. Miaka ilikuwa tofauti, lakini mwezi ni uleule, wa mwisho wa mwaka.

"Karakana zote huhesabu mali mwisho wa mwaka," Mkurugenzi alisema. "Anaondoka kabla ya hesabu. Mara moja ni bahati mbaya. Mara tatu tuseme nini? Halafu ikaja ile simu."

Simu ilipokelewa na dada wa mapokezi, na Afande alimwendea palepale mezani kwake.

"Sauti ya mwanamke, mtu mzima," dada alisema. "Akasema, 'Huyo mnayetaka kumwajiri, muulizeni ile miaka miwili alikuwa wapi.' Basi, akakata."

"Kulikuwa na kelele nyuma yake?"

"Kulikuwa na mashine. Ndiyo maana bosi anadhani ni mtu wa humu ndani, labda kuna anayeitaka hiyo nafasi."

"Mashine kama hizi?" Kutoka ukumbini cherehani za umeme zilikuwa zikivuma bila kupumzika.

Dada alitega sikio. "Hapana," alisema taratibu. "Ile ilikuwa inakwenda, inasimama. Inakwenda kidogo, inasimama tena. Kama mtu anapanda ngazi."

Afande alimshukuru. Mkurugenzi alikuwa amempa muda hadi kiwanda kitakapofungwa jioni. Baada ya hapo nafasi ingekwenda kwa mwombaji wa pili, aliyekuwa na wasifu ulionyooka kutoka juu hadi chini. Chaki aliamua kusubiri kwenye benchi la nje. Afande alimpita pale, mabega yameshuka, mikono imekumbatia mfuko wa kitambaa wenye umbo la mkasi.

Mwenye karakana ya mapazia alikuwa na maneno mengi, na yote aliyatoa kwa mkupuo.

"Chaki? Namkumbuka sana. Aliondoka na mkasi wangu."

"Mkasi gani?"

"Ule mkubwa wa kukatia. Tangu aondoke sijauona."

Mama aliyekuwa akipiga pasi kwenye kona hakuinua kichwa. "Bosi, ule mkasi alikuja nao."

"Alikuja nao?"

"Siku ya kwanza kabisa. Umefungwa kwenye kitambaa. Wewe ulimpa ule uzi wa kuzungushia mpini ili usimuumize."

Mwenye karakana alifikiri. "Uzi lakini ulikuwa wangu," alisema, na mama wa pasi akacheka peke yake.

"Na mlipohesabu mali mwaka ule," Afande aliuliza, "kitambaa kilipungua?"

"Kupungua? Kilizidi. Yule alikuwa akipanga vipande mpaka unajiuliza kitambaa kimetoka wapi. Ningekuwa na uwezo nisingemwachia aende."

Kwa hiyo ile shaka ya wizi ilianza kunyauka. Afande alipokuwa akitoka, macho yake yaliangukia kwenye rafu. Vipande vya mapazia vilivyokatwa vilikuwa vimefungwa mafungu mafungu, lakini si kwa kamba. Vilifungwa kwa ukanda uliochanwa kwenye ukingo wa kitambaa chenyewe, ile sehemu ngumu ya pembeni ambayo mafundi huitupa. Kila ukanda ulikuwa na mafundo mwishoni. Mengine moja, mengine mawili, mengine matatu.

"Hiyo ni yake," mama wa pasi alisema. "Fundo moja ni dirisha dogo, mawili la kati, matatu kubwa. Alituachia mtindo huo. Hata umeme ukikatika unachukua fungu bila kukosea."

Kwenye karakana ya ovaroli Afande alikuta mafundo yaleyale kwenye rafu, na msimamizi ambaye alikuwa mama mnene, mtulivu, asiyependa kusema mbili pale moja inapotosha.

"Aliondoka kwa nini?"

"Alipigiwa simu."

"Na nani?"

"Alisema, 'Shangazi, nakuja.' Akaomba ruhusa. Nikamwambia huku tuna kazi nyingi, ukienda nafasi yako itachukuliwa. Akalia kidogo, akafunga mkasi wake, akaenda."

"Shangazi yake anafanya nini?"

"Anashona sare za shule. Nyuma ya soko."

Afande alisimama hapo hapo mlangoni. Alichomoa nakala ya wasifu, akaisoma tena ile miezi, na safari hii hakuona hesabu ya mali. Mwisho wa mwaka karakana huhesabu vitambaa. Lakini mwisho wa mwaka pia wazazi wote wa mji mzima hukumbuka, kwa pamoja na kwa kuchelewa, kwamba shule zinakaribia kufunguliwa na watoto wamerefuka. Mshona sare hapumui mwezi huo. Mwezi huo huhitaji mkataji kuliko anavyohitaji chakula.

Akajicheka. Alikuwa ameutazama mwezi kwa macho ya Mkurugenzi tangu asubuhi.

Duka la nyuma ya soko lilikuwa chumba kimoja chenye mlango mpana. Kabla ya kuliona, Afande alilisikia. Cherehani ilikuwa inakwenda kidogo, inasimama, inakwenda tena, maana ilikuwa ya kukanyaga kwa miguu, na aliyeikanyaga alisimama kila baada ya mkono mmoja wa kitambaa ili apapase pindo kwa vidole.

Shangazi alikuwa mwembamba, amejifunga leso kichwani kwa unadhifu, na alimkaribisha mgeni kwa kugeuza sikio kwanza, uso baadaye.

"Karibu, mwanangu. Sare ya nani?"

"Sina mtoto wa shule, mama. Mimi ni mpelelezi, natoka kule kiwandani." Afande akatoa kitambulisho.

Shangazi alikipokea, akakipeleka hadi kwenye ncha ya pua, akakitazama kwa upande mmoja wa jicho kisha mwingine. "Nimeona," alisema, akakirudisha kikiwa kichwa chini.

Nyuma yake, kwenye rafu, sketi na kaptura zilizokatwa zilikuwa zimejaa hadi darini, kila fungu na ukanda wake, kila ukanda na mafundo yake. Afande alivuta stuli akakaa. Magoti yake yalimshukuru.

"Nani anakukatia, mama?"

"Nakata mwenyewe. Miaka yote."

"Unakata vizuri."

"Wateja hawajalalamika."

Mezani palikuwa na kipande cha kitambaa cha bluu, kitupu, hakijaguswa. Afande alikinyoosha mbele yake, akapitisha kidole katikati. "Ila huu mstari wa chaki hapa, naona kama umepinda kidogo."

"Umepinda wapi?" Shangazi aliinama, amekereka. "Mimi sijapindisha mstari tangu nianze kazi hii. Huo umenyooka, angalia vizuri."

Shangazi alipeleka vidole juu ya kitambaa, akapapasa, akapapasa tena. Halafu vidole vikatulia.

"Hakuna mstari," alisema.

"Hakuna, mama."

Nje mtu alikuwa akibishana juu ya bei ya vitunguu.

"Ni mtoto wa jicho," Shangazi alisema mwishowe. "Macho yote mawili. Ilianza polepole, nikawa namwita msimu ukifika tu, anakuja ananikatia, anatafuta kazi nyingine, namharibia tena kwa kumwita. Halafu ikawa sioni kabisa chaki, na siku moja nikaanguka hapo mlangoni. Hapo akakaa. Kushona nashona kwa kupapasa, cherehani naijua kuliko mwili wangu. Lakini mkasi haupapaswi."

"Yale mafundo alibuni kwa ajili yako."

"Alianza yeye mwenyewe, hata sikumwomba. Aliona nachanganya saizi, kabla hata hajaenda kwenye karakana za watu." Alitabasamu kidogo, kisha tabasamu likaondoka. "Wateja hawajui. Nani atampa kipofu sare ya mwanawe? Nikamwambia asiseme kwa mtu. Akaniapia."

"Na simu ya kiwandani ulipiga wewe."

Shangazi alinyoosha kipande kile kitupu, akakikunja mara mbili, akakikunjua. "Sikusema uongo. Nilisema wamuulize alikuwa wapi."

"Ulijua hatajibu."

"Nilijua," alisema. "Mimi ndiye niliyemlea. Mama yake alifariki huyu hajaota meno. Nilimfundisha kushika mkasi akiwa hafiki mezani. Alipokuja kuniambia amefaulu jaribio, nikafurahi, naapa nilifurahi. Alipotoka nikaona giza, mwanangu. Nikashika simu."

Afande alikuwa amesikia maungamo mengi katika maisha yake, ya wezi na ya wauaji. Hili lilimshinda. Alimwonea huruma mama huyu na wakati huohuo alitaka kumgombeza.

"Hospitali wanasemaje?"

"Wanaondoa. Wanasema ni kitu kidogo, unaingia asubuhi unatoka." Akageuza uso upande. "Kila wakinipangia tarehe nasema ni msimu."

"Hata mwezi ambao si msimu?"

Shangazi alirudi kukunja kile kipande cha bluu. Macho yakipona, Chaki angekuwa na sababu gani ya kubaki?

Afande alisimama. "Mama, kile kiwanda kinafungwa jioni. Mimi ninaweza kwenda kuandika ripoti yangu. Nitaandika kwamba alifanya kazi kwa jamaa yake, na Mkurugenzi atauliza ushahidi uko wapi, na mimi nitasema jamaa mwenyewe ndiye aliyempigia simu ya kumchongea. Sidhani kama itamsaidia. Au mtu mwingine anaweza kwenda kusema kwa mdomo wake."

"Nikisema, naye anaondoka."

"Ndiyo."

"Na watu watajua macho yangu."

"Mkurugenzi atajua. Wa sokoni hawatapata neno kutoka kwangu."

Mguu wa Shangazi ulikuwa bado kwenye kanyagio la cherehani. Ulikanyaga mara moja, gurudumu likazunguka bila uzi, likasimama. Kisha akafungua leso, akaifunga upya, kwa nguvu zaidi.

"Nishike mkono kwenye ngazi," alisema. "Hizo sizioni."

Walipofika, wafanyakazi walikuwa wameanza kukunja kazi. Chaki alinyanyuka kwenye benchi kwa mshtuko.

"Shangazi? Kuna nini? Umeanguka?"

"Sijaanguka. Twende ndani."

Mkurugenzi aliwapa viti, akavua miwani bila kujua. Afande alieleza kwa kifupi: mkasi ulikuwa wa Chaki mwenyewe, kitambaa cha mapazia kilizidi badala ya kupungua, na ule mwezi ulikuwa mwezi wa sare. Alipofika kwenye ile miaka miwili akamgeukia Shangazi.

"Mimi ndiye niliyepiga simu," Shangazi alisema.

Chaki aligeuka. "Wewe?"

"Ngoja nimalize, nisije nikaogopa." Alimtafuta Mkurugenzi kwa sauti yake, akamwelekea. "Mwanangu, mimi sioni. Huyu amekuwa macho yangu miaka miwili. Sare zote zilizotoka kwangu kazikata yeye, na nikajitia nakata mimi. Nilipiga simu kwa sababu sikutaka aondoke. Ni ubaya nimefanya, na nimeufanyia mtoto wangu."

Chaki alikuwa akimtazama shangazi yake, na machozi yalikuwa yakimteremka bila yeye kuyafuta. Alikuwa na hasira, yeyote angeiona. Lakini mkono wake ulikwenda, ukaurekebisha upindo wa leso ya Shangazi uliokuwa umelegea.

"Lakini kwa nini hukuandika?" Mkurugenzi alimuuliza. "Ungeandika tu kwamba ulikuwa mkataji huko."

"Ningeandikaje?" Chaki alisema. "Niandike shangazi yangu ni mwajiri wangu? Si ataniuliza kama namdai mshahara? Kazi ni kwa watu. Kwa shangazi ni kusaidia."

"Sare zilikuwa nyingi?"

"Shule tano za huku," Chaki alisema.

Afande alidakia. "Rafu imefika darini. Mimi huo msaada sijawahi kuuona hata kiwandani kwako." Alimgeukia Chaki. "Na zile kazi tatu fupi, usiziache zimekaa hapo kama umefukuzwa. Andika pembeni: niliondoka kila mwaka kukata sare za msimu. Mtu akisoma ataelewa, hatahitaji kunilipa mimi."

Mkurugenzi alicheka, kisha akawa mzito tena. "Mama, nikuulize kama mwajiri kwa mwajiri. Mwisho wa mwaka ukifika, utampigia simu aje?"

"Nitampigia," Shangazi alisema. "Kumsalimia. Kukata nitatafuta mtu, nimlipe. Na mwezi ujao nakwenda kuondolewa haya macho, ananisindikiza Afande, kama hana kazi."

Afande hakuwa ameambiwa habari hiyo. "Sina kazi," alisema.

Mkurugenzi alivaa miwani yake. Aliuchukua wasifu wa Chaki, akauweka mbele yake pamoja na kalamu. "Basi kamilisha hapa. Siwezi kuuweka kwenye faili ukiwa hivi. Kesho asubuhi uje na mkasi wako."

Lakini Shangazi alinyoosha mkono kwanza, na karatasi ikapelekwa kwake. Aliisogeza hadi puani, akashindwa, akailaza mezani.

"Pako wapi hapo palipo wazi?"

Chaki alikishika kidole cha shangazi yake, akakiweka juu ya pengo, chini ya kazi ya tatu. Shangazi alipapasa mahali hapo taratibu, kushoto hadi kulia, namna anavyopapasa pindo.

"Andika," alisema. "Mkataji mkuu, sare za shule. Mwajiri, jina langu, na uliandike lote."

Kalamu ilianza kukwaruza. Shangazi alitega sikio, akaisikiliza inavyokwenda, akasikia imesimama kwenye tarehe.

"Tangu nilipoanguka pale mlangoni," alisema, "hadi leo hii. Andika vizuri, mwanangu. Usinipunguzie hata mwezi mmoja."